Kutoka muswada hadi kitabu: mwongozo wa kuandika na kuchapisha riwaya ya Kiswahili

Miswada mingi ninayoletewa niihariri ina kisa kizuri. Kuna binti aliyetoroka ndoa, kuna mvuvi aliyeokota begi la fedha, kuna mzee anayerudi kijijini kudai shamba la baba yake. Kinachoiangusha ni usimulizi, mazungumzo, na haraka ya kukimbilia kiwanda cha uchapaji kabla kazi haijaiva. Hapa nitafuata njia nzima, tangu wazo hadi kitabu kiwe dukani, ila nitakaa zaidi mahali pawili: kwenye sentensi, kwa sababu hapo ndipo msomaji hukuacha, na kwenye mkataba, kwa sababu jasho la miaka huweza kupotea kwa saini moja.

Hatua ya kwanza: jua mtu wako anataka nini

Kabla ya sura ya kwanza, andika mambo matatu kwenye daftari. Mhusika mkuu anataka nini? Nani anamzuia? Akikosa, atapoteza nini?

"Halima anataka kurudi shule" bado ni taarifa tu. "Halima anataka kurudi shule, lakini ada iko mikononi mwa baba mdogo aliyekwisha kupokea mahari yake." Hapo pana riwaya, maana watu wawili wanavutana na kila mmoja ameshika kitu asichoweza kukiachia. Mpe na huyo baba mdogo sababu za kweli. Ana deni dukani, ana mke aliyelazwa, na mahari yenyewe ameshaitumia. Akiwa mbaya kwa sababu tu hadithi inamtaka mbaya, msomaji atamchoka mapema.

Baada ya hapo orodhesha matukio makubwa kumi au kumi na tano, kila moja kwa mstari mmoja, kisha anza. Wapo wanaopanga kila sura kwa undani na wapo wasiopanga kabisa. Zote ni njia halali, mradi ufike mwisho.

Hatua ya pili: maliza rasimu

Maneno 500 kwa siku, kwa siku 90, yanakupa maneno 45,000. Kwa Kiswahili hiyo ni riwaya kamili. Usibabaishwe na miongozo ya Kiingereza inayodai maneno 80,000 au 90,000, kwa sababu lugha yetu hubana mambo mengi ndani ya neno moja. "Nisingalimwambia" ni neno moja, na limebeba mtendaji, ukanusho, sharti, mtendewa na tendo. Ukurasa wako wa maneno 300 unasema mengi kuliko unavyofikiri.

Andika saa ileile kila siku, hata kama ni kwenye simu ndani ya daladala. Usirudi nyuma kupamba sura ya kwanza wakati sura ya kumi haijazaliwa. Hifadhi nakala sehemu mbili: moja kwenye simu au kompyuta, nyingine ijitumie kwa barua pepe kila wiki. Simu huibwa, na muswada ukienda nayo hakuna wa kukurudishia.

Hatua ya tatu: simulia kwa nyakati zote za Kiswahili

Hapa ndipo penye kazi. Soma kifungu hiki, aina ninayokutana nayo karibu kila wiki:

"Mwanaidi aliamka asubuhi. Alijinyoosha. Alivaa kanga yake. Alitoka nje. Alimwona mama yake akiwa amekaa jikoni. Mama yake alikuwa na huzuni sana. Alimsalimia lakini mama yake hakuitikia."

Hakuna kosa la sarufi hata moja, ila kimelala. Kila sentensi imebeba "ali", na kila tendo lina uzito sawa na jingine. Sasa hiki:

"Mwanaidi aliamka, akajifunga kanga, akatoka. Mama yake amekaa mlangoni pa jiko, chungu kimeanza kuungua, naye hakigeukii.

'Shikamoo, mama.'

Marahaba haikuja."

Tazama kilichofanyika. "Aliamka" imefunga wakati mara moja tu, ikatosha. "Akajifunga, akatoka" zinasukuma mbele bila kusimama. Halafu "amekaa", bila "alikuwa" mbele yake, inamweka mama machoni petu sasa hivi. Neno "huzuni" limeondoka, maana chungu kinachoungua na marahaba isiyokuja vimelifanya lisihitajike. Mswahili yeyote anajua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa.

Kwa hiyo chukua sura yako moja na kalamu nyekundu, ufanye hivi:

Zungushia kila "-li-". Ukiona tano mfululizo, acha ya kwanza na uzigeuze nyingine kuwa "-ka-" pale matendo yanapofuatana. Lakini usiandike mlolongo wa "-ka-" nane ukamwacha msomaji bila pumzi. Tendo zito kuliko yote lipe sentensi yake lenyewe.

Kwa tendo lililokuwa likiendelea mwingine alipofika, tumia "-ki-": "Alimkuta akichambua mchele." Kwa mazoea, tumia "hu-": "Kila Ijumaa mzee hupita, huagiza kahawa, huondoka bila kulipa." Waandishi wengi wameisahau hiyo "hu-", wanaandika "alikuwa na tabia ya kupita kila Ijumaa", na sentensi inakuwa kama ripoti ya polisi.

Na "-ka-" haina ukanusho wake. Usilazimishe. Sema "akaondoka asimuage mtu", au "akaondoka bila kuaga". Ya kwanza ina mwendo wa msimulizi wa barazani, na ukiitumia mahali pake inapendeza mno.

Zungushia pia kila "ambaye", "ambacho", "ambapo". Nyingi zinaweza kuingia ndani ya kitenzi: "mtu ambaye alikuja jana" iwe "mtu aliyekuja jana". Ondoa Kiswahili cha ofisi. "Kitendo cha kuondoka kwake kilimfanya ajisikie vibaya" ni "Alipoondoka, roho ilimuuma." Na saa ziandike kama tunavyozihesabu, saa moja asubuhi, saa tatu usiku. Tarakimu za simu ziache kwenye simu.

Hatua ya nne: waache watu waongee kama watu

Msimulizi anaweza kutumia Kiswahili sanifu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Wahusika hawawezi. Dereva wa bodaboda akizungumza kama msomaji wa taarifa ya habari, msomaji hamwamini tena, wala hatakuamini wewe.

Jiulize mhusika ni wa wapi. Mtu wa Mombasa au Unguja atauliza "Wataka nini?" pale ambapo wa Dar es Salaam anauliza "Unataka nini?" Kijana wa Nairobi atachanganya Sheng. Hapo kuna tahadhari: Sheng hubadilika haraka, na neno lililokuwa moto mwaka huu huchakaa kabla kitabu hakijatoka kiwandani. Tia maneno machache yanayoonyesha mahali, na kazi kubwa uiachie mpangilio wa sentensi na jinsi mtu anavyokatiza wenzake.

Kisha kuna kuitana. Hili ni hazina, na naona waandishi wakiliacha kando. Kwetu mtu haitwi jina tu. Kuna Mama Zawadi, Baba Zawadi, shemeji, wifi, mjomba, bibi, shangazi. Kila neno linasema nani yuko juu ya nani na wana ukaribu gani. Chukua mke ambaye kwa sura kumi nzima anamwita mumewe "Baba Zawadi". Sura ya kumi na moja anasimama mlangoni na kusema, "Juma." Huhitaji kuandika kwamba alikuwa na hasira, wala kwamba sauti yake ilibadilika. Ndoa imeshatikisika, na msomaji amesikia. Lakini hilo linafanya kazi endapo tu ulikuwa makini kwenye zile sura kumi. Kama mke alikuwa akibadilisha kila mara, leo Juma, kesho Baba Zawadi, kesho kutwa "mpenzi wangu" kama kwenye tamthilia zilizotafsiriwa, umejinyang'anya silaha.

Methali nazo zipe mdomo. Msimulizi akifunga kila sura kwa methali, anakuwa mwalimu wa darasa la nne. Methali inauma inapotoka kwa mtu anayetaka kitu: mama mkwe anayesema "Mgeni siku ya kwanza" halafu anaishia hapo, akimtazama mkamwana aliyekuja kukaa wiki mbili.

Neno moja kuhusu funzo. Shuleni tulifundishwa kuchambua dhamira na maudhui, tukatoka tukiamini kwamba mwandishi huanza na ujumbe kisha hutafuta watu wa kuubeba. Matokeo yake ni zile aya za mwisho ambapo mzee wa busara anawaeleza vijana madhara ya tamaa. Zifute. Kama kisa chako kimeonyesha tamaa ikimla mtu, msomaji ameona.

Hatua ya tano: sahihisha kwa mpangilio

Muswada ukiisha, uweke kando wiki tatu au nne. Ukirudi, usianze na tahajia. Anza na mambo makubwa: sura ipi haina mvutano, nani anapotea katikati asionekane tena, je, sura ya kwanza inaanza mbali mno na tukio? Mara nyingi riwaya huanza kweli kwenye ukurasa wa tisa, na zile nane za mwanzo zilikuwa za mwandishi kujipasha moto. Baada ya hapo shughulikia mandhari na mazungumzo, kisha sentensi, na mwisho kabisa tahajia.

Soma muswada wote kwa sauti, kutoka ukurasa wa kwanza. Hakuna njia ya mkato hapa. Lugha yetu imekulia masikioni, kwenye utenzi, hadithi za bibi na hotuba za harusini, na sikio hugundua kigingi ambacho jicho limekiruka. Ulimi ukikwama, sentensi imekwama.

Tahajia: programu za kompyuta bado haziaminiki sana kwa Kiswahili, kwa hiyo weka kamusi karibu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa, Tanzania) zinatosha kwa kazi nyingi. Makosa yanayorudi ni yaleyale: "ana" na "hana", r na l, "kwasababu" iliyounganishwa, "ni na" iliyotenganishwa, na kuchanganya "-nge-" na "-ngali-" ndani ya sentensi moja.

Halafu wape wasomaji watatu wasio ndugu zako. Mmoja awe msomaji wa kawaida wa hadithi, mmoja ajue lugha vizuri, mmoja atoke mahali au kazi unayoiandika. Ukiandika juu ya wavuvi wa Pemba, mvuvi mmoja ausome. Waulize tu: ulichoka wapi, hukuelewa wapi, ni nani hukumwamini? "Ulipenda?" ni swali la kuombea sifa.

Hatua ya sita: chagua njia ya kuchapisha

Zipo njia nne, na zinaweza kufuatana.

Mchapishaji wa kawaida. Huyu ndiye anayegharimia uhariri, jalada, uchapaji na usambazaji, na anakulipa mrabaha, yaani sehemu yako kwa kila nakala inayouzwa. Anayekuomba hela ili "akuchapishie" anakuuzia huduma. Si vibaya, lakini jua kwamba wewe ndiye mwekezaji. Kabla ya kutuma, tazama katalogi ya mchapishaji uone kama anatoa riwaya za watu wazima au vitabu vya shule tu. Soko la shule ndilo linalowalisha wachapishaji wengi wa Afrika Mashariki. Kenya vitabu vya shule hupitia idhini ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala, Tanzania hupitia Taasisi ya Elimu Tanzania. Mhariri akisita kwa sababu ya mandhari ya kitandani au matusi, mara nyingi anafikiria mlango huo. Amua mapema kama unataka kuupitia. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilipigwa marufuku shuleni, na haikufa kwa hilo. Tuma barua fupi, muhtasari wa ukurasa mmoja unaotaja hadi mwisho wa kisa, na sura tatu za kwanza, isipokuwa kama wametaka vingine.

Tuzo. Hii ni njia bora kwa mwandishi asiye na jina. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ilianza na zawadi za jumla ya dola 15,000 za Marekani na imewafungulia njia waandishi wapya. Tanzania ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Soma masharti neno kwa neno. Angalia hasa kama muswada uliokwisha kuwekwa mtandaoni unakubaliwa, na kama jina lako linatakiwa lisionekane popote kwenye faili.

Hadithi za mfululizo. Makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook zimefanya kazi iliyokuwa ikifanywa na magazeti kwa "itaendelea". Wapo waandishi wanaotoa sehemu za mwanzo bure na kuuza zinazofuata kwa fedha za simu. Ukichagua njia hii, maliza riwaya nzima kabla ya kuanza kuitoa, ushike siku ulizoahidi, na kata kila sehemu pale swali lilipofunguka. Ukija kuifanya kitabu, ondoa marudio yote uliyoweka kuwakumbusha wasomaji wa wiki iliyopita. Na ujue kwamba faili litasambazwa bila idhini yako.

Ya nne ni kujichapishia, nitaifikia baada ya mkataba.

Hatua ya saba: soma mkataba mpaka uuelewe

Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Tanzania Bara na Kenya hulindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili kwenye ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, au KECOBO kwa Kenya, hukupa ushahidi siku ya ugomvi. Kinacholindwa ni maandishi yako. Wazo tupu halina mwenyewe, kwa hiyo usiogope kumwonyesha mhariri muswada, lakini usimpe mtu saini bila kusoma.

Mrabaha wa asilimia 10 husikika sana. Swali la kuuliza ni: asilimia 10 ya nini? Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 15,000 na duka linapewa punguzo la asilimia 40, mchapishaji anabaki na 9,000. Mrabaha wa bei ya dukani ni shilingi 1,500 kwa nakala. Mrabaha wa mapato ya mchapishaji ni 900. Kwa nakala 1,000, ni 1,500,000 dhidi ya 900,000, na mkataba wote unasema "asilimia 10". Mapato ya mchapishaji ni msingi halali, ila basi omba asilimia ipande, au ipande baada ya nakala kadhaa kuuzwa.

Tafuta mambo haya: mkataba unadumu miaka mingapi, haki zipi unazotoa (kitabu cha karatasi, cha kielektroniki, cha sauti, tafsiri, filamu), nchi zipi, utapewa hesabu ya mauzo mara ngapi kwa mwaka, na kitabu kikiisha sokoni bila kuchapwa tena, haki zinarudi kwako lini. Kama mchapishaji hatengenezi filamu wala hatafsiri, hana sababu ya kushika haki hizo. Kataa kuuza muswada moja kwa moja kwa donge la fedha pamoja na hakimiliki yake. Najua shida za nyumbani zinavyosukuma, lakini kitabu kikiingia shuleni kitauzwa miaka mingi na wewe hutapata hata senti. Jibu la "huu ndio mkataba wetu wa kawaida" lisikutishe. Mikataba ya kawaida hurekebishwa kila siku kwa wanaouliza.

Hatua ya nane: ukijichapishia

Mlipe mhariri kwanza, msanifu wa jalada pili, halafu kiwanda. Watu hugeuza mpangilio huo, na kitabu kinatoka kiking'aa nje huku ndani kimejaa makosa.

ISBN, ile namba ya tarakimu 13 inayotambulisha kitabu, utaipata Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, au kwa Kenya, Huduma ya Maktaba ya Taifa. Utatakiwa pia kupeleka nakala za kitabu maktaba. Ukubwa wa A5 ni rahisi kwa viwanda vingi. Herufi za pointi 11, pambizo pana upande wa mgongo, na idadi ya kurasa igawanyike kwa 16, la sivyo utalipia kurasa tupu. Jalada liwe na ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukata. Omba nakala moja ya majaribio, uivunje mgongo kwa makusudi. Kurasa zikitoka, gundi haifai.

Nakala 100 kwa mashine za kidijitali zitakugharimu zaidi kwa kila kitabu kuliko 1,000 za ofseti, ile mitambo ya kuchapa kwa wingi, lakini 900 zisizouzwa chini ya kitanda ni hasara kubwa zaidi. Anza kidogo. Kwenye bei, zidisha gharama ya nakala moja angalau kwa tatu. Kitabu kilichokugharimu 5,000 kiuze 15,000: duka likichukua 6,000, unabaki na 9,000, na humo bado hujatoa zile 5,000 za gharama, nauli, nakala za bure na zilizoharibika.

Maduka mengi yatapokea vitabu vyako kwa mali kauli, yaani hulipa baada ya kuviuza. Usikabidhi bila karatasi. Andika idadi, bei, punguzo, tarehe na jina la aliyepokea, nyote wawili mtie saini, kila mmoja abaki na nakala. Pita kila mwisho wa mwezi, hesabu vilivyopo rafuni mbele ya mwenye duka, na uchukue chako siku hiyohiyo. Duka lisilolipa miezi miwili mfululizo, ondoa vitabu uvipeleke kwingine.